Mtungi ni wa Nani?

Wanachuo wenzangu, ukitaka kujua kama watu wanne wanaweza kuishi gheto moja kwa amani, wachangishe hela ya mtungi wa gesi wa kilo 6. Wiki ya kwanza kila mtu ni ndugu. Wiki ya tatu mmoja kashakamatwa anachemsha maji ya kuoga alfajiri, na kikao kinaitishwa. Vikao hivyo nimehudhuria sana. Ila kikao kizito kuliko vyote cha gesi nilikikuta nyumbani Kisorya, likizo iliyopita, na kisa chake kilikuwa jenereta.

Kwa asiyepajua, Kisorya ni mwisho wa barabara inayotoka Bunda kupitia Kibara, mahali nchi kavu inapoishia na Ziwa Victoria linapoanza. Ukitaka kuvuka kwenda Ukerewe unapanda kivuko pale, unashukia Rugezi. Maisha yetu yanaenda na mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa taa hazina kazi, mitumbwi inapumzika, na hela mtaani nayo inapumzika. Mtu akikuambia atakulipa "gizani", hana maana ya kukuzungusha, anakutajia tarehe.

Baba mdogo ana banda karibu na kivuko. Mchana ananyoa, anachajia watu simu na kutoa kopi. Jioni banda linageuka kibanda umiza, watu wanalipa kuangalia mpira. Umeme upo, nguzo zilifika zamani. Lakini upepo wa ziwani ukivuma vibaya, umeme unaweza kukata dakika ya sitini ya mechi, na watu sitini walioshatoa hela zao hawana habari na upepo. Kwa hiyo ana jenereta ya petroli, na petroli huko kwetu hununui kwenye pampu kila siku, unanunua kwenye chupa kwa bei ya chupa.

Sasa bamdogo kaona kwenye simu kwamba jenereta ya petroli inaweza kutumia gesi. Kaita fundi. Fundi kaja na mpira wa jiko, kauunga kwenye regulata ya jikoni, ncha nyingine kaichomeka penye chujio la hewa la injini, kafungua koki kidogo, kavuta kamba. Ikawaka! Mechi mbili zikaangaliwa kwa gesi. Mtungi uliotumika ulitoka jikoni kwa mama.

Mama alikuwa ufukweni anaanika dagaa. Aliporudi mtungi ulikuwa umerudishwa mahali pake, safi kabisa, ila mtupu. Alikuwa ameujaza siku tisa tu nyuma. Mvua ilikuwa inanyesha, kuni zilikuwa nje, wadogo zangu walikuwa wanasubiri uji. Usiku ule nyumba nzima tulikohoa.

Kesho yake kikao. Baba alikuwa kambini, visiwani, kwa hiyo mwenyekiti alikuwa mama. Bamdogo akanigeukia mimi haraka, maana mimi nasoma ualimu, somo langu fizikia.

"Mwalimu, hebu sema. Hii kitu inawezekana au haiwezekani?"

"Inawezekana, bamdogo."

"Umesikia, shemeji?"

"Nimesikia," mama akasema. "Mimi sijauliza kama inawezekana. Nimeuliza mtungi ni wa nani."

Bamdogo alikuwa sahihi kwenye upande wake, na mimi nilimpa haki yake. Injini ya petroli ya aina ile haijali sana inakula nini. Inavuta hewa iliyochanganyika na kitu kinachowaka, inabana, plagi inatoa cheche. Gesi ya mtungi, ambayo ni mchanganyiko wa propani na butani, inafanya kazi hiyo vizuri tu. Nguvu ya juu inapungua kidogo, kama asilimia 10 hivi kwa propani. Faida nazo zipo. Petroli ikikaa miezi ndani ya kabureta inaganda kama gundi, gesi haigandi. Na yale madumu ya petroli anayoyaficha nyuma ya banda yangeondoka, jambo ambalo peke yake lingenipa usingizi.

Lakini si kila jenereta. Zile ndogo maarufu za Tiger, zinazochanganyiwa oili ndani ya petroli, ziache kama zilivyo. Oili yake ya kulainisha inakuja pamoja na petroli, ukiondoa petroli umeiondoa na oili, injini inajisaga mpaka inakwama. Za dizeli nazo hazina plagi ya kuwasha gesi. Ya bamdogo bahati nzuri ina tangi lake la oili chini, kwa hiyo inafaa.

Pale tulipogombana ni kwenye ule mpira wa fundi. Regulata ya jikoni kazi yake ni kushusha mgandamizo, basi. Haijui kama injini inazunguka au imezima. Injini ikizima ghafla, gesi inaendelea kutoka. Na gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Haipai. Inashuka, inatambaa sakafuni kama maji, inajaa kwenye kona na mashimo, inasubiri cheche. Sasa fikiria banda lenye watu sitini na mvutaji sigara mlangoni. Ukisikia ile harufu ya yai bovu, ujue imewekwa makusudi kiwandani ili utoke, maana gesi yenyewe karibu haina harufu.

Kifaa sahihi kipo. Ni regulata ya pili, ya injini, yenye kiwambo cha mpira ndani. Injini ikivuta pumzi, kiwambo kinafungua njia. Injini ikinyamaza, kinafunga chenyewe. Inakuja pamoja na kipande cha kuchanganyia gesi na hewa kinachofungwa penye kabureta. Bamdogo aliuliza kwa rafiki yake wa Kariakoo, akatajiwa 120,000. Na hata ukiifunga yote hiyo, jenereta inakaa nje, mbali na madirisha, mtungi umesimama wima. Moshi wa gesi hauonekani na haunuki sana, ila kaboni monoksidi bado imo, na hiyo inaua mtu aliyelala bila kumwamsha.

Nikachukua daftari la mdogo wangu tukapiga hesabu, mama akiwa anachambua mchele. Jenereta ya bamdogo inakunywa kama lita moja ya petroli kwa saa. Lita moja ya petroli ina nishati ya megajuli 33 hivi. Kilo moja ya gesi ina 46 hivi. Kwa hiyo saa moja ya jenereta ni kama kilo 0.72 ya gesi. Kwa bei za wiki ile kwetu, lita ya chupa 3,200 na mtungi wa kilo 15 kwa 57,000, saa moja ya petroli ni 3,200 na saa moja ya gesi ni kama 2,740. Anaokoa 460 kwa saa. Akiwasha saa 20 kwa mwezi, kile kifaa cha Kariakoo kitajilipa baada ya miezi 13.

Bamdogo akanyamaza. Alikuwa anategemea kusikia nusu bei.

Halafu nikafanya hesabu ya mtungi wa mama. Kilo 6 gawanya kwa 0.72. Jibu ni saa nane na ushee. Mama akaniomba nirudie. Mtungi ule, kwa kuwa maharage bado anayachemshia kuni, unamfikisha mwezi mzima: chai, uji, ugali wa jioni, maji ya mtoto. Mwezi wa jiko, sawa na saa nane za jenereta.

Sababu yake iko kwenye silabasi, ila nilikuwa sijawahi kuiona ikiwa na sura ya mama yangu. Jiko la gesi linafikisha sufuriani nusu ya joto au zaidi. Jenereta ndogo inageuza kuwa umeme chini ya robo ya kile inachokula, kingine chote kinaenda hewani kama joto na kelele. Gesi ile ile, mtungi ule ule, ila sehemu moja inapika na sehemu nyingine inapasha moto ufukwe wa Kisorya.

Bamdogo akajaribu karata ya mwisho. "Lakini gesi si yetu? Si inatoka Mtwara?"

Swali hili nalisikia hata chuoni, tena kwa watu wa mwaka wa tatu, kwa hiyo tuliweke sawa. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004, na ile ya Mnazi Bay kule Mtwara, ni gesi asilia. Karibu yote ni methani. Inasafiri kwa bomba, na bomba kubwa la kutoka Mtwara lililokamilika mwaka 2015 linaishia Dar. Ndiyo inayoendesha mitambo ya umeme, na ndiyo inayojazwa kwenye bajaji na magari ya Dar yaliyofungwa mitungi ya CNG. Ya kwetu Kisorya, ya mtungi wa jikoni, ni nyingine. Inakuja kwa meli kutoka nje, inashushwa bandarini Dar na Tanga, halafu inapanda lori mpaka ziwani. Kila kilo imelipiwa safari ndefu.

Serikali imezindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo mwaka huo wa mwisho. Naunga mkono, nimekulia kwenye moshi. Ila baada ya kikao kile nasikia hotuba hizo tofauti. Mtungi ukishafika nyumbani, hakuna anayehesabu tena umeishia wapi. Kwenye karatasi mama yangu ni mtumiaji wa nishati safi. Usiku wa mvua alikuwa anapuliza kuni, kwa sababu gesi yake ilikuwa imeangalia mpira.

Bamdogo si mtu mbaya, naomba nilisemee hilo. Hela ya kibanda umiza ndiyo iliyonilipia michango ya chuo muhula ambao boom lilichelewa. Mama analijua hilo kuliko mimi, na ndiyo maana hakupiga kelele. Alimaliza kuchambua mchele wake, akaweka ungo pembeni, akatoa hukumu.

"Shemeji, sikukatazi gesi. Nunua mtungi wako, mkubwa, na hicho kidude cha Kariakoo, ukae nao huko bandani, nje. Huu wa jikoni ukitaka kuugusa, uje na maharage yaliyoiva."

Bamdogo alicheka, lakini siku iliyofuata aliujaza. Alilipa kwa hela ya kopi, sarafu za mia tano tano.

Mpaka naandika hivi kidude hakijanunuliwa. Nilimpigia juzi, nyuma nikasikia jenereta inanguruma, nikamuuliza inakula nini. "Petroli, mwalimu," akasema. "Nasubiri giza."