"Fiti, Pasta"



Hapa Kayole ni wachache wanaouliza hujambo. Tunaulizana, "Uko fiti?" Neno ni la Kiingereza, la mwenye afya na nguvu au nguo inayokutosha. Sheng ikalichukua, ikalipa kazi nyingi. Chai ikiwa tamu ni fiti. Mkielewana bei pale Masimba, fiti. Mzee mmoja aliniambia hiyo si lugha ya mchungaji. Mimi naitumia tu, tena mlangoni mwa kanisa. Neno lenyewe halina kosa.

Kuna kijana kwetu (ameniruhusu niandike haya). Kila Jumapili namshika mkono: "Uko fiti?" "Fiti, Pasta." Kesha la Ijumaa hakosi, wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka. Nilimsifu madhabahuni: vijana, mwigeni huyu, ana njaa ya Mungu! Alfajiri moja nikamkuta amelala nyuma ya spika, begi la nguo zake zote chini ya kichwa. Nyumba yake ilikuwa imepigwa kufuli miezi miwili kwa sababu ya kodi. Siku nyingine alikuwa analala kwa rafiki, wakimchoka anahama. Ijumaa alikuwa anakuja kwetu kulala.

Soma 2 Wafalme 4. Elisha alimtuma Gehazi amkimbilie mama Mshunami, amuulize kama yeye, mumewe na mtoto ni wazima. Mama akajibu ni salama. Kwa Kiebrania ni neno moja tu, shalom. Na mtoto ni maiti, amelazwa kitandani mwa nabii! Maswali matatu, jibu neno moja, na Gehazi akaridhika. Mama alipoanguka akashika miguu ya Elisha, ni Gehazi huyo huyo alikuja kumsukuma.

Chuo cha Biblia nilihubiri andiko hili darasani, juu ya imani ya mama. Nikapata alama nzuri. Gehazi sikumtazama.

Nilimuuliza kijana kwa nini hakuniambia. Akasema, "Pasta, ulikuwa unaniuliza ukiangalia mwenye ananifuata kwa laini."

Wazee wa kanisa wamemlipia mwezi wa kwanza, ana chumba sasa. Kesha la Ijumaa hii ni saa tatu usiku. Nitakuwa mlangoni kuanzia saa mbili. Nikikuuliza kama uko fiti, usiharakishe kujibu. Laini itangoja.