Chupa Mbili za 1963

Mwaka jana nilikosa kodi ya nyumba kwa sababu ya mvinyo ambao sijawahi kuuonja.

Mimi huandikia watu mtandaoni. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokataa kabisa, na tangu hapo nimeandika chochote kinacholipa: magodoro, dawa za viroboto, ushauri wa ndoa (sina ndoa). Klaienti mmoja wa Uingereza akanitumia orodha ya mivinyo mikuukuu ya Porto, chupa mia na kitu, kila moja niiandikie maneno machache ya kumvutia mnunuzi. Ndani yake Fonseca ya 1963 ilitokea mara mbili. Nikadhani aliyepiga chapa alisinzia. Nikaandika ya kwanza, nikakopi, nikapesti, nikalala.

Asubuhi nikapata barua pepe. Kwamba hizo si chupa moja. Kwamba sasa hana imani na kazi nzima. Halipi.

Kwa hasira nikaanza kusoma, na bando lenyewe lilikuwa linaisha. Zabibu zake hulimwa bonde la mto Douro, kaskazini mwa Ureno. Kabla sukari yote haijageuka kilevi humwagiwa pombe kali, kuchacha kunakatika, na mvinyo unabaki mtamu na mkali kwa pamoja. Ule wa miaka iliyoteuliwa hukaa kwenye mapipa kama miaka miwili hivi, kisha hutiwa chupani ukomae kwa miongo. Sasa, zamani mwenye mvinyo mara nyingi hakujaza chupa mwenyewe. Mapipa yalipakiwa melini, kila moja zaidi ya lita 500, na wafanyabiashara wa London, Bristol au Leith ndio waliojaza kwenye maghala yao. Huyu alijaza mapema, yule akachelewa. Huyu alinunua vizibo vya maana, yule akabana matumizi. Miaka sitini baadaye jina ni lile lile, mwaka ni ule ule, na mdomoni ni vitu viwili.

Ule wa 1945 ulijazwa kwa wingi hukohuko Ureno, sababu ya vita. Na kuanzia wa 1975 ikawa ni lazima, wote ujazwe nyumbani. Chupa nyingi za kabla ya hapo hazina hata lebo ya karatasi. Jina la aliyejaza unalitafuta kwenye kofia iliyofunika kizibo, au kwenye kizibo chenyewe, kama lipo. Klaienti alikuwa ameniwekea majina hayo kwenye jedwali, safu ya mwisho kabisa kulia. Sikusogeza hadi huko.

Kilichoniuma ni kwamba mimi, kati ya watu wote, nilipaswa kushtuka. Babu yangu ni mgema, Kilifi. Minazi ile ile, kisu kile kile, lakini tembo linalonyweka asubuhi pale chini ya mti na lile lililotikiswa kwenye mtungi wa plastiki juu ya bodaboda hadi Mtwapa, likauzwa jioni, hakuna mnywaji atakayekuambia ni kitu kimoja. Kuna mtu alimfuata babu siku moja kulalamika kwamba sifa zimemharibu, siku hizi analitia maji. Babu hata hakuinuka kitini. Akauliza tu, "Ulinunua kwa nani?"

Niliandika upya zile mbili, kila moja nikaianza na jina la aliyejaza. Kuhusu ladha nilifuta kila kitu. Ile harufu ya matunda meusi na tumbaku nilikuwa nimeitoa kichwani. Klaienti akajibu kwa mstari mmoja na kutuma nusu ya pesa.

Nusu ya pili nilikopa kwa mse tulioingia naye chuo mwaka mmoja, chumba kimoja cha hosteli, kitanda chake juu changu chini. Sasa anafanya benki. Alituma kabla sijamaliza kueleza, kisha akauliza kama bado naandika.