Barua kutoka Ughaibuni: Mvinyo Mwepesi wa Vittoria

Catania, Sisilia

Wasomaji wangu waadhamu,

Naona imenipasa leo niziweke kando habari za vibali vya ukaazi na kodi za nyumba, ambazo nimezirudia katika barua hizi hata huenda mmezikinai, niwaandikie juu ya kinywaji kimoja cha huku kusini mwa Italia ambacho, kwa rai yangu, kimedhulumiwa sifa yake kwa sababu tu si kikali. Natambua kuwa wako miongoni mwenu ambao sheria ya dini imewafungia mlango huu, nami, niliyelelewa Tanga katika mtaa uliosikia adhana na kengele kwa pamoja, sikusudii kumtia mtu tashwishi. Hao nawaomba wasome kwa ajili ya habari za kilimo na za tarehe, ambazo ni halali kwa kila mtu.

Kinywaji chenyewe ni mvinyo mwekundu wa zabibu iitwayo Frappato, nayo hustawi hasa katika viunga vya mji wa Vittoria, pembe ya kusini-mashariki ya kisiwa, pale ardhi inapoteremka kutoka nyanda za Iblei hadi ufuko unaotazamana na Afrika. Mtu akisikia kuwa jua la huko ni kali, na kwamba upepo wa shiroko huvuka bahari kutoka jangwani ukichukua vumbi jekundu, atadhani kuwa mvinyo wake lazima uwe mzito na mweusi, wenye kumpanda mtu kichwani kabla sahani haijaisha. Na kwa hakika Sisilia ilitoa mivinyo ya namna hiyo kwa muda mrefu, ikapakiwa kwa mapipa kwenda kaskazini kutilia nguvu mivinyo dhaifu ya nchi za baridi. Frappato ni kinyume cha hayo yote. Rangi yake ni ya maji ya komamanga, hata ukiishika bilauri mbele ya dirisha waweza kuviona vidole vyako upande wa pili. Harufu yake ni ya stroberi na ya maua. Kinywani hauna ule ukakasi wa kukunja ulimi, bali uchachu wa kiasi unaoamsha mate. Na kileo chake aghalabu ni asilimia 12 au 13, ilhali mivinyo mingi ya nchi za jua hufikia 14 na kupita.

Siri ya jambo hili iko sehemu mbili, katika mzabibu na katika ardhi. Wataalamu waliochunguza nasaba ya mizabibu kwa vipimo vya maabara wamebaini kuwa Frappato ana udugu wa karibu mno, wa mzazi na mwana, na Sangiovese, zabibu mashuhuri ya Toscana, tena Frappato ni zabibu isiyokuwa na pupa ya kujaza sukari wala ya kulimbikiza rangi katika ganda lake. Ama ardhi, juu ni mchanga mwekundu na chini yake ni mwamba wa chokaa unaotunza maji ya mvua za kipupwe. Mchana hupunga upepo wa bahari, usiku hushuka ubaridi wa Iblei, na kwa hivyo kichala huiva polepole bila ya kupoteza uchachu wake hata kifike mavuno mwishoni mwa Septemba.

Mji wenyewe ni kana kwamba ulizaliwa kwa ajili ya mizabibu. Mwaka 1607 Vittoria Colonna, mjane wa mtawala wa Modica na binti wa yule Marcantonio Colonna aliyeongoza merikebu za Papa katika vita vya Lepanto, alipata idhini ya mfalme wa Hispania ya kuanzisha mji, akaupa jina lake. Nao walowezi 75 wa kwanza walipewa kila mmoja hekta moja ya ardhi kwa sharti kwamba wapande hekta ya pili mizabibu. Sharti kama hilo, lililoandikwa na mwanamke mwenye madeni na akili nyingi, limedumu kuliko majumba ya wengi waliomzidi cheo. Hata leo mvinyo wa Cerasuolo di Vittoria, unaochanganya Frappato na zabibu nyingine iitwayo Nero d'Avola, ndio pekee katika Sisilia nzima uliopewa daraja ya juu kabisa ya hifadhi katika sheria ya Italia, nao uliipata mwaka 2005. Mimi, hata hivyo, nikiachiwa kuchagua, huchagua Frappato mtupu.

Tena kisiwa hiki si ajnabi kabisa kwetu. Waarabu walitua Mazara mwaka 827, wakautwaa Palermo mwaka 831, wakaleta mabirika, mifereji na michungwa, wala hawakuing'oa mizabibu waliyoikuta; na mshairi Ibn Hamdis, aliyezaliwa Sisilia yapata mwaka 1056 na kuihama Wanormani walipokuwa wakiiteka, aliimba juu ya mvinyo na juu ya nchi yake iliyompotea mpaka alipofariki ughaibuni mwaka 1133. Kila niandikapo barua hizi humkumbuka, ingawa mimi naweza kupanda ndege na yeye hakuweza kurudi.

Nije sasa kwenye jambo la kilimo hai, kwa maana chupa ninayoisifu ina alama ya jani la kijani la Umoja wa Ulaya, na wengi huiona alama hiyo kuwa hirizi pasi na kuuliza inaamuru nini. Inaamuru mambo yanayoweza kuhesabiwa. Shamba lazima lilimwe miaka 3 bila ya dawa wala mbolea za viwandani kabla zabibu zake hazijaitwa hai. Dawa ya kuua magugu ni marufuku, kwa hiyo magugu hulimwa, na baina ya safu hupandwa mimea ya jamii ya kunde ili ifukiwe na kurutubisha mchanga. Ubwiri unga hupigwa kwa vumbi la kibiriti, na ubwiri vinyoya kwa mrututu uliochanganywa na chokaa, lakini shaba iliyomo katika mrututu isizidi kilo 28 kwa hekta katika muda wa miaka 7, kwa kuwa shaba ikiingia ardhini haitoki. Hadi mwaka 2012 sheria ilihukumu zabibu tu, na mtu aliruhusiwa kuandika kuwa mvinyo umetokana na zabibu za kilimo hai. Tangu mavuno ya mwaka huo hata kazi ya ghalani imewekewa mipaka, na mvinyo mwekundu usio na sukari hauruhusiwi kupita miligramu 100 za salfaiti kwa lita, ambapo wa kawaida huruhusiwa 150.

Lakini jani hilo la kijani halisemi neno juu ya ujira. Nje ya Vittoria, kabla hujaiona mizabibu, utapita kwenye bahari ya plastiki, nyumba za kukuzia nyanya na pilipili hoho, ambamo Watunisia na Waromania wengi hufanya kazi katika joto lisilosemeka, na si wote wanaolipwa haki yao. Mwenye kununua chupa kwa ajili ya usalama wa udongo na aulize pia juu ya mikono iliyoichuma. Kwa wakulima wadogo, ambao wengi huuza wenyewe mlangoni, swali hilo hujibiwa.

Miongoni mwa walioirejesha heshima ya zabibu hii ni nyumba ya mvinyo ya COS, iliyoasisiwa mwaka 1980 na marafiki watatu, Cilia, Occhipinti na Strano, ambao herufi za majina yao ndizo jina lenyewe. Wao huchachusha baadhi ya mivinyo yao katika mitungi mikubwa ya udongo iliyofukiwa ardhini, kwa hoja kwamba pipa la mwaloni huuvisha mvinyo harufu isiyokuwa yake. Naafikiana nao, kwani kumtia Frappato katika mwaloni mpya ni kumvika mtoto joho la kadhi.

Namna ya kuunywa ni nyepesi vilevile. Uwekwe katika jokofu robo saa au zaidi kidogo, unywewe ukiwa ungali mchanga, na unywewe pamoja na chakula. Wenyeji huuandamisha na jodari aliyepikwa kwa vitunguu na siki, nami jikoni kwangu nimeuoanisha na samaki wa kupaka, nikaona kuwa tui na pilipili, ambavyo hugombana na mvinyo mzito kwa sababu kileo kingi na ukakasi huzidisha ukali wa pilipili, hukaa na huu kwa amani.

Nayasema haya nikiwakusudia hasa watu wa Dodoma. Mizabibu ya huko iliingia kwa mikono ya wamisionari wa Kiitalia wa misheni ya Bihawana katika miaka ya 1950, leo huvunwa mara 2 kwa mwaka, na nchi yake iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hivyo usiku wake una ubaridi ambao Vittoria ingeuonea wivu. Ila chupa nyingi nilizozionja kutoka huko ni tamu kupita kiasi, kama kwamba jua halina jingine la kutoa ila sukari. Enyi wakulima, nanyi wenye viwanda mnaowanunulia zabibu zao, nawasihi mtenge walau shamba moja la zabibu nyekundu ya Makutupora, mvune mapema kidogo, muache maganda siku chache tu, msitie sukari, na muuze mwaka uleule. Mkipata wa kuuza, mniandikie. Mnunuzi wa kwanza ni mimi.

Wenu katika ughaibuni.