Mtoto Asiwe Rehani

Upande wa mama yangu ni watu wa Songo Mnara, kisiwa kilicho kusini mwa Kilwa Kisiwani. Wageni huvuka kwenda kuona magofu ya mawe ambayo mwaka 1981 yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mimi huvuka kwa misiba na harusi. Safari ninayoisimulia leo haikuwa ya msiba wala harusi. Niliitwa kikaoni.

Binti wa dada yangu, mtoto wa mama mdogo, alibakwa akiwa na umri wa miaka 19. Sitamtaja jina, na baadhi ya mambo nimeyaficha kwa makusudi. Alikwenda polisi, akapewa PF3, akapimwa, akatoa maelezo. Mtuhumiwa akashtakiwa. Kabla ushahidi haujasikilizwa, mtoto akazaliwa. Miezi minane baadaye binti aliletewa hati ya wito ya shauri jingine: mtuhumiwa anaomba atambuliwe kuwa baba na akabidhiwe mtoto, kwa kuwa mama hana kipato.

Kikaoni, wazee wa upande wa pili walileta maneno laini. Walizungumza habari za sitara, za ndoa, za kumpa mtoto jina. Bibi yetu mmoja akawajibu kwa ukali kwamba mtoto wa nje ya ndoa hana baba, ana mama. Ndivyo ilivyo katika fiqhi ya Kishafii inayofuatwa pwani yetu: nasaba ya mtoto huyo ni ya mama yake. Kauli hiyo nimeisikia maisha yangu yote ikitumika kuwafedhehesha wanawake na watoto wao. Siku ile, kwa mara ya kwanza, niliiona ikitumika kama ngao.

Nami, msomi wa ukoo, nikapewa nafasi. Nikaeleza kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kuwa ni heri kwa mtoto wa chini ya miaka saba kukaa na mama yake, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Nikaongeza kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaka mahakama itazame maslahi bora ya mtoto na umuhimu wa kuwa na mama yake. Nikamwambia, "Usiogope, mwanangu."

Akaniuliza, "Mjomba, na akifika miaka saba?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi chuoni nikaisoma upya Sheria ya Mtoto. Inamruhusu mzazi, mlezi au ndugu anayemlea mtoto kuomba haki ya kukaa naye. Inaruhusu ubaba uthibitishwe mahakamani, hata kwa vipimo vya vinasaba. Vifungu hivyo vinauliza ni nani baba. Havikuuliza alikuwaje baba. Hakimu mwenye hekima anaweza kutumia maslahi bora ya mtoto kumkatalia mbakaji, na naamini wengi wangefanya hivyo. Lakini kabla ya kuifikia hekima hiyo, mama atalipa nauli ya boti hadi Kilwa Masoko, ataomba malazi kwa watu shauri linapoahirishwa, ataketi hatua chache kutoka kwa aliyemtenda, na atamweleza afisa ustawi wa jamii kwa nini yeye, fukara, anafaa kuwa mama.

Ndugu msomaji, shauri la mtoto halikufika hukumu. Mtuhumiwa aliliondoa. Naye binti, tarehe ya kutoa ushahidi ilipofika, hakwenda. Shauri la jinai ni la Jamhuri, na ubakaji wa mtu mzima una adhabu isiyopungua kifungo cha miaka 30. Lakini Mahakama ya Rufani imekwisha kusema mara nyingi kwamba ushahidi bora wa ubakaji hutoka kwa aliyebakwa. Ukimnyamazisha yeye, umelifunga jalada. Makubaliano yaliandikwa kwenye karatasi ya daftari. Nilipewa niisome. Nikasahihisha tahajia, nikanyamaza.

Hila hii si ya pwani yetu peke yake. Shauna Prewitt, Mmarekani aliyebakwa akiwa mwanafunzi wa chuo, alijifungua binti, na mwanamume yule akadai haki juu ya mtoto. Prewitt alisomea sheria, na mwaka 2010 akachapisha makala katika jarida la sheria la Chuo Kikuu cha Georgetown kuhusu wanawake wanaozaa kutokana na ubakaji. Kampeni yake na ya wenzake ilichangia sheria ya shirikisho ya mwaka 2015, inayoyatunuku majimbo yanayomwezesha mama kuomba mbakaji avuliwe haki za uzazi. Sheria hiyo haisubiri hukumu ya jinai. Inatosha uwepo ushahidi ulio wazi na wa kushawishi. Hilo ndilo la kujifunza. Kifungu kinachosubiri mtu atiwe hatiani kisingemsaidia binti wetu, kwa sababu mtoto ndiye aliyetumika kuizuia hatia hiyo isipatikane.

Najua pingamizi. Sheria yetu inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake wa kumzaa. Ni kweli, lakini haki hiyo ni ya mtoto. Mbakaji asiidai kana kwamba ni yake. Wengine watahofia akina baba wema kusingiziwa. Ndiyo maana nasema jambo lithibitishwe mbele ya hakimu, wala lisiishie kwenye madai matupu.

Ninachopendekeza ni kifupi. Sheria ya Mtoto iseme kwamba aliyepata mtoto kwa ubakaji hana haki ya kuomba kukaa naye wala kumtembelea, na kwamba wajibu wake wa matunzo unabaki pale mama atakapoutaka. Pale mashtaka ya ubakaji yanapoendelea, maombi yake juu ya mtoto yasimame hadi mashtaka yaishe. Wanafunzi wangu wa sheria, andikeni rasimu. Nanyi watumishi wa umma mnaosoma hapa, mnajua inapaswa kufika mezani kwa nani.

Mtoto yule sasa ana miaka mitano. Karatasi ya daftari haina nguvu yoyote kisheria, na mwanamume yule anaweza kurudi mahakamani wakati wowote. Imebaki miaka miwili kabla sijaulizwa tena lile swali.