Mzee, Sogea Kidogo

Wako watu waamkao alfajiri kwenda kukamua ng'ombe, na wengine kwenda kufungua duka. Sisi tumeamka alfajiri miaka mingi kwa kazi isiyo na mshahara, yaani kupiga picha moja. Moja tu kwa siku, pahali palepale, ufukoni mwa Ziwa Kivu, chini ya mtaa wetu hapa Bukavu. Mwanzoni majirani walitucheka. "Mwalimu, ziwa la jana na ziwa la leo si lilelile?" Nasi tukawajibu ya kuwa silo, nao wakaenda zao wakitikisa vichwa.

Kazi hiyo tuliianza mwezi wa Juni 2018, tulipokwisha kuacha kufundisha, na kijana wetu akatuletea kamera ndogo ya mfukoni. Tulinunua na daftari la mistari, tukawa twaandika humo tarehe, saa, na hali ya anga.

Atazamaye ziwa kila asubuhi hujifunza mambo ambayo hakuyajua ingawa amezaliwa kando yake. Mji wetu umekaa juu ya rasi zinazoingia majini kama vidole vya mkono, na ziwa lenyewe liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo asubuhi ni baridi, na ukungu huchelewa kuondoka. Jua hutokea upande wa vilima vya Rwanda. Maji huwa meusi kwanza, kisha huwa na rangi ya risasi, na kabla hujamaliza kufunga vifungo vya koti yamekwisha kuwa meupe. Wakati wa kiangazi, tangu Juni hata Agosti, vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa hufunika kila kitu, na vilima vya ng'ambo hutoweka kwa majuma mazima. Mvua za Septemba zikianza, hewa huoshwa. Ndipo, ukigeuka upande wa magharibi, waweza kuuona mlima Kahuzi wenye mita 3,308 umesimama wazi, kana kwamba umehamia karibu wakati wa usiku.

Hayo yote tuliyapiga picha, nasi hatukatai ya kuwa tulijivuna kidogo. Jamaa zetu walio Ubelgiji walituandikia kwamba picha zetu zafanana na zile za kalenda. Neno hilo tulilipokea kama sifa.

Yafaa tueleze jinsi picha zilivyokuwa katika ujana wetu, maana kosa letu lilianzia huko. Filamu moja ilikuwa na picha 24 au 36, nayo iligharimu fedha, na kuisafisha kuligharimu fedha tena. Hakuna aliyepoteza filamu kwa mama anayesonga ugali, wala kwa baba anayenoa panga. Mtu alikwenda studio amevaa nguo za Dominika, akasimama mbele ya pazia lililochorwa maua, akakaza uso, akangoja. Tunayo picha ya ndoa yetu, tunazo za komunyo ya kwanza ya watoto, na zile ndogo za vyeti. Picha ya mama yetu akiwa jikoni hatuna hata moja, naye maisha yake alikaa jikoni kuliko pahali pengine popote. Basi, hata tulipopata kamera isiyotaka filamu, mazoea ya studio yalibaki ndani yetu. Tuliona ya kuwa kitu chafaa kufagiliwa kwanza ndipo kipigwe picha.

Pale tuliposimama kila asubuhi palikuwa na mzee mmoja mvuvi. Jina lake limo katika daftari letu. Hapa hatulitaji, maana jamaa zake hatukuwaomba ruhusa. Hakuingia tena ziwani usiku, kwa kuwa mgongo ulikuwa umemkatalia. Kazi yake ilikuwa kushona nyavu za wenziwe, ameketi juu ya beseni la buluu alilolifudikiza, uzi umeshikwa kati ya vidole vya mguu. Wavuvi wa sambaza hutoka jioni kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wana taa za kuwavuta samaki, nao hurudi alfajiri wakiimba. Wavu uliochanika ulimfikia mzee huyo kabla samaki hawajafika sokoni. Ndiye aliyetuambia ya kuwa baba yake, aliyekuwa mvuvi vilevile, katika ujana wake hakuwajua sambaza. Hatukumsadiki, tukatafuta katika vitabu, tukakuta ni kweli: samaki hao wadogo waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya miaka 1958 na 1960. Sisi tuliofundisha watoto habari za nchi yao miaka thelathini tulikuwa twadhani wamekuwako tangu kuumbwa kwa maji.

Lakini lile beseni la buluu lilituudhi. Lilikaa sawasawa katika pembe ya picha, pamoja na rundo la nyavu, na kandambili zake, na moshi wa sigara yake. Basi tulizoea kumwambia, "Mzee, sogea kidogo." Naye aliinuka, mkono kiunoni, akavuta nyavu zake hatua kadhaa, akasimama upande akingoja. "Mwalimu," alikuwa akisema huku akicheka, "ziwa limekwisha kukutazama?" Tulibonyeza, tukamshukuru, naye akarudi kuketi. Ilikuwa hivyo kwa miaka mitano. Hatukuona ya kuwa tunamkosea, kwa maana tulimwomba kwa adabu, na kila Noeli tulimpelekea kilo ya sukari.

Mwezi wa Agosti 2023 aliugua juma moja tu, akafa.

Siku ya pili ya kilio mjane wake alibisha hodi kwetu, ameshikwa mkono na mjukuu. Msomaji ajua desturi ya kwetu: picha ya marehemu hutiwa katika kioo, huwekwa juu ya sanduku, na mtu wa jamaa huichukua mbele ya watu wanapokwenda kuzika. Mama yule alikuwa na kadi ya mpiga kura tu. Ilikuwa ya mwaka uleule, lakini wino ulikuwa umefifia, na mahali pa uso palibaki wingu la kijivu lenye masikio.

"Mwalimu," akasema, "nimekumbuka ya kuwa wewe ulikuwa naye kila asubuhi na foto yako. Kwako hazikosi kuwa nyingi. Utupatie moja ambayo amecheka."

Tuliitikia upesi, hata kwa furaha, tukamwambia arudi nyumbani, zitapatikana usiku uleule.

Tuliketi na mke wetu mbele ya kompyuta ya kijana. Picha zilikuwa zaidi ya 1,500. Tukazipitia mwaka baada ya mwaka: ukungu, jua, ukungu, mvua, Kahuzi, mtumbwi wa mbali, mawingu mazuri sana. Katika kumi na moja ilionekana kingo ya beseni la buluu. Katika moja kilikuwako kivuli kirefu juu ya mchanga. Katika nyingine ulionekana mkono wenye sindano ya kushonea nyavu, umekatwa kwenye kiwiko na ukingo wa picha. Yapata saa sita ya usiku mke wetu akauliza polepole, "Kila siku ulirudi hapa ukitusimulia maneno ya huyu mzee. Yeye alikuwa akikaa wapi?"

Kabla ya mapambazuko tuliipata moja. Ni ya Aprili 2021. Asubuhi ile alikuwa hakutusikia, akapita mbele yetu akielekea mitumbwi, wavu begani, kofia kichwani, ametupa mgongo. Tulifungua daftari kwenye tarehe ile, tukasoma maandishi ya mkono wetu wenyewe: "Imeharibika. Mtu amepita."

Tuliipeleka ikapigwe chapa, tukaichukua hata kwenye kilio, na njiani tulikuwa twatunga maneno ya kuomba radhi. Mama yule aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu. "Ndiye," akasema. "Tazama bega la kushoto." Akaifuta kwa kanga yake ingawa haikuwa na vumbi. Siku ya maziko iliwekwa juu ya sanduku, mgongo ule na wavu ule, katika kioo chenye ua la karatasi. Watoto walipouliza kwa nini babu hakugeuza uso, bibi yao aliwajibu ya kuwa alikuwa anakwenda kazini. Sisi siku hiyo tulisimama nyuma kabisa ya watu.

Baadaye tulisoma habari ya picha moja ya zamani, na tangu hapo haijatutoka. Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre aliweka kamera yake dirishani, juu ya barabara ya mjini Paris iitwayo Boulevard du Temple. Barabara hiyo ilikuwa na magari ya farasi na watu tele. Lakini siku hizo picha moja ilitaka dakika kadhaa, na yeyote aliyekuwa akitembea hakubakiza hata alama. Katika picha ile barabara ni tupu kama mji uliohamwa. Amebaki mtu mmoja mdogo sana pembeni, mguu ameuinua, kwa maana alisimama kung'arishiwa viatu, na mbele yake yaonekana kwa shida yule aliyeving'arisha. Hao ndio wanaohesabiwa kuwa watu wa kwanza kuonekana katika picha ya namna hiyo, na majina yao hayajulikani. Tukiwasikia vijana wa hapa kwetu wakipita na visanduku vyao, wakigonga brashi juu ya mbao ili wenye viatu vichafu wawasikie, twawakumbuka hao wawili. Daguerre ana udhuru: chombo chake kilikuwa kizito cha kuona. Kamera yetu yaona upesi kuliko kufumba jicho. Aliyefanya ufuko uwe mtupu ni kinywa chetu.

Basi tukaacha kusema "sogea". Ilikuwa vigumu kuliko tulivyodhani, maana watu wenyewe wamezoea kukimbia mbele ya kamera, au kusimama wima kama askari. Twawasalimu kwanza, twaeleza, twaomba, na akikubali mtu twaandika jina lake daftarini kama atakavyo liandikwe, kiisha twampa nakala yake. Jina si jambo dogo. Kadi za posta zilizouzwa zamani za ukoloni zimejaa nyuso za watu wa Kongo, na chini yake mara nyingi limeandikwa kabila tu. Lakini mwaka 1904, huko Baringa, Bibi Alice Seeley Harris, mke wa mmisionari Mwingereza, alimpiga picha baba mmoja ameketi barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Baba huyo twamjua: ni Nsala wa Wala, na mtoto ni Boali. Picha za mama huyo zilizungushwa Ulaya na Marekani, nazo zilisaidia kuamsha watu, hata mwaka 1908 mfalme Leopold II akaondolewa mamlaka juu ya nchi yetu.

Wako wanaotukatalia, nasi twashusha kamera. Mama mmoja auzaye sambaza alituambia wazi, "Nimevaa nguo za kazi. Watakaoniona watadhani ya kuwa siku zote niko hivi." Hatukuwa na jibu. Tukamwambia achague mwenyewe siku. Akaja Dominika baada ya misa, kitambaa kipya kichwani, mkoba mkononi, akasimama mbele ya ziwa kama tulivyosimama sisi zamani mbele ya pazia la maua. Tulimpiga picha, akaichukua, akaenda nayo amefurahi sana. Ya mabeseni yake hatuna. Mkewe mwandishi asema mama huyo ana haki, nasi twakubali, ingawa kila tupitapo sokoni macho yetu huyaendea mabeseni yale.

Daftari lina na kurasa tupu. Februari 2025, vita vilipofika mjini, hatukutoka siku nyingi. Na hata tulipotoka, kamera tuliiacha kabatini, kwa kuwa siku kama hizo mtu mwenye kamera hujiponza mwenyewe na kuwaponza wengine. Kijana alitushauri tuchore mstari juu ya kurasa hizo. Tumeziacha zilivyo, zina tarehe peke yake.

Pale ufukoni, mahali pa mzee, sasa huketi mjukuu wake mkubwa, yule aliyekuja kwetu amemshika bibi yake mkono. Hakujua kushona nyavu alipoanza. Wavuvi walimfokea sana. Beseni ni lilelile, limepasuka upande mmoja, nao wameliziba kwa waya. Majuzi tulifika kukiwa na ukungu, tukainua kamera, naye akaruka mara moja na rundo lake mikononi, kama alivyomwona babu yake akifanya. "Mwalimu, nitoke?"

Tukamwambia aketi. Akaketi, akanyosha shati, akavuta uzi kwa kidole cha mguu, na tulipobonyeza akafumba macho. Tumeandika tarehe, saa kumi na mbili na robo, ukungu, jina lake, na ya kuwa amefumba macho.