Hatua Mia Mbili

Kondakta alimtazama Tomi, akanitazama mimi, kisha akapiga bati la mlango makofi mawili. Daladala ikaondoka. Kukataliwa nilikutarajia, nani anataka Jemani Shepadi katikati ya abiria na ndoo zao? Kilichoniumiza ni yale makofi. Nilipogeuka, Tomi alikuwa amejibanza chini ya meza ya mama muuza parachichi, mkia ameufyata, mate yanamchuruzika.

"Anaumwa?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Anaogopa."

Ilikuwa kama saa moja asubuhi, Kiboriloni inaamka. Lori lilikuwa likishusha mitumba, na kila belo lililotupwa chini lilitua kwa kishindo ambacho ukikisikiliza vizuri unakipata mpaka magotini. Watu hawakugeuka. Tomi alishtuka kwa kila kimoja. Nilikuwa nimekaa Moshi miaka miwili, nimefika soko hili mara nyingi kutafuta viatu na makoti, na sikuwahi kugundua lina milipuko kiasi gani: mabelo, mageti ya chuma, bodaboda zinazopasua eksozi. Siku hiyo nililisikia kwa masikio yake.

Safari yetu ilikuwa ya kupanda Old Moshi, njia ambayo sikuwahi kuipita. Dereva wa kirikuu aliyekuwa akirudi juu na magunia ya pumba alikubali kutuchukua. Nilipanda nyuma na Tomi, nikamkumbatia kifua mpaka lami ilipoanza kujikunja kuelekea mlimani.

Niseme ukweli kuhusu hofu hiyo, maana nilikuwepo ilipozaliwa. Tomi ni mbwa wa ulinzi, ana miaka mitatu. Pua yake ni nzuri na habweki ovyo. Siku walinzi wa kampuni yetu walipopelekwa kufanya mazoezi ya shabaha, iliamuliwa mbwa nao wapelekwe wakazoee. Mimi ndiye niliyeshika kamba, fupi, hatua kumi kutoka kwa wapigaji. Risasi ya kwanza alilala chini. Ya pili alijikojolea. Ya tatu alivuta hadi ukanda wa shingo ukamchubua, nami nikamvuta kumrudisha, kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa. Baada ya hapo hata mlango ukijibamiza alikuwa anatafuta uvungu. Nikapewa mwezi mmoja: apone, au aondolewe kazini.

Tulipofika Tsuduni dereva alipunguza mwendo, akanionyesha kwa kidevu mti ambao Wajerumani walimnyongea Mangi Meli, tarehe 2 Machi 1900. Nilikuwa nimesoma habari za mti huo, sikuwahi kuuona. Juni 1892 watu wa Meli waliwashinda Wajerumani katika mteremko huu huu, na kamanda wao von Bülow akauawa; mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi. Nikitazama migomba iliyotulia kandokando ya barabara, ilinipa shida kuamini kwamba bunduki ziliwahi kulia hapa. Tomi alikuwa ameinua pua, anavuta harufu ya mbolea na moshi wa kuni. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile mkia wake ulikuwa umeshuka kawaida.

Mwenyeji wetu alikuwa mzee aliyestaafu Kikosi cha Farasi na Mbwa cha Polisi. Alitusubiri kwenye kichochoro cha masale kinachoingia kihambani kwake. Hakumgusa Tomi, hata macho hakumtolea. Baada ya shikamoo na marahaba alinipeleka jikoni kunywa mtori, akauliza swali moja tu.

"Risasi ya kwanza alikuwa umbali gani?"

"Hatua kumi, mzee."

Aliweka bakuli chini, akanyamaza kitambo. Halafu akamwita mjukuu wake na kumpa vipande viwili vya mbao.

Bunduki haikuwepo, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haichezewi kwa ajili ya mbwa. Mzee alisema hata ingekuwepo asingeitoa. Tungeanza na mbao, baada ya wiki mifuniko ya sufuria, na bunduki ingekuja mwishoni kabisa, kwenye uwanja halali wa shabaha, kwanza kutoka mbali sana.

Kwanza tulikosea. Mjukuu alisimama ukingoni mwa korongo, hatua mia mbili kutoka kwetu, akagonga. Pa. Upande wa pili wa korongo ukajibu, pa. Tomi alitazama huku, akatazama kule, na kipande cha ini nilichompa kikaanguka mbele ya miguu yake bila kuguswa.

"Hapa pabaya," mzee akasema. "Kwake hizo ni bunduki mbili. Na akikataa nyama, mwanangu, usimbembeleze ale. Nyama ndiyo kipimo chako. Rudi nyuma."

Tukahamia katikati ya migomba na kahawa, ambako majani yanameza sauti. Hatua mia mbili tena. Pa. Masikio yakageuka, mwili ukabaki ulipo. Nikatoa ini, akala. Nilipotaka kuitoa nyama mapema ili nimtulize, mzee alinishika mkono. Mlio utangulie, nyama ifuate mara moja. Ukigeuza, mbwa atajifunza kwamba ini ni dalili ya balaa, ataanza kuliogopa na ini lenyewe.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1924 Mary Cover Jones, mwanasaikolojia wa Marekani, alimtoa mtoto aitwaye Peter hofu ya sungura kwa njia ya aina hii: mtoto anakula kitu anachokipenda, sungura yuko mbali, na siku hadi siku anasogezwa. Mzee hakutaja kitabu chochote. Alihesabu hatua tu.

Mia na themanini. Mia na sitini. Kwenye mia na arobaini Tomi alikula, lakini meno yake yalinibana vidole. Mimi niliona amekula, nikafurahi. Mzee aliona vidole.

"Mdomo umekuwa mgumu. Mrudishe mia na sitini, agongewe mara mbili, tufunge."

Niliomba tuendelee. Nilikuwa na mwezi mmoja, na jua lilikuwa bado juu. Alikataa, kwa upole ule usioachia nafasi ya kubishana, akaenda kukata mkungu wa ndizi wa kunipa. Nikabaki na Tomi chini ya mgomba. Nilimwangalia shingoni, pale manyoya yalipoota upya juu ya mchubuko, nikalegeza ukanda tundu moja.

Kurudi tuliteremka kwa miguu, kamba ndefu, mkungu begani. Alasiri ilikuwa inaisha tulipoiona Kiboriloni chini yetu, na sokoni lori jingine lilikuwa limeegeshwa, vijana wamepanda juu ya mzigo. Asubuhi ningepita katikati, nikimburuta. Nilisimama tukiwa bado mbali, mahali ambapo belo linaonekana likianguka kabla kishindo chake hakijafika, nikatia mkono mfukoni kutafuta kipande cha mwisho cha ini, nikasubiri.