Viatu vya Mkimbiaji

Msomaji, ikiwa hujapata kukimbia hata maili moja ndani ya kiatu kilichochaguliwa na mtu mwingine, utaona ajabu kwamba mwalimu mzima aweza kushika kalamu kuandika habari za viatu. Nami ningaliona ajabu hiyo hiyo, kama si jambo lililonipata katika shule moja ya kutwa, miaka michache baada ya kutoka chuo cha ualimu.

Huko chuoni nilikuwa mkimbiaji wa wastani, yaani mtu anayehesabiwa katika kundi lakini hatajwi katika matokeo. Nilikuwa na jozi moja ya raba za mtumba, nikaikimbilia lami, changarawe, matope na majani. Siku ya mbio za nyika mwenzangu aliniazima viatu vyake vya misumari. Mwanzoni njia ilikuwa ya majani mororo, nikajiona nimeota mabawa. Kisha tukaingia barabara ngumu. Misumari ikakataa kuzama, na kila hatua ikanigonga wayoni kama nyundo. Nilimaliza nikichechemea. Ungalidhani somo hilo lingalinitosha. Halikunitosha.

Katika shule niliyopelekwa kufundisha palikuwa na msichana wa kidato cha pili aliyekuja shuleni mbio kila asubuhi, miguu mitupu, viatu vyake vya shule amevishika mkononi visije vikachakaa. Alishinda mbio zetu za mita 3,000 akiwa peku vivyo hivyo. Mashindano ya kaunti yalipokaribia nikaingiwa na aibu. Aibu yangu mimi, si yake. Niliwaza kwamba watu wakimwona peku kati ya wenzake wenye viatu, watasema mwalimu wake hajali. Basi nikaenda sokoni peke yangu, nikachagua jozi maridadi ya rangi ya chungwa, soli nene, na kipimo cha mguu wake nikakikisia kwa macho. Nilimpa siku moja kabla ya mashindano.

"Asante sana, Mwalimu," alisema, akazikaza kamba kwa nguvu. Sikumwuliza kama vinamtosha. Naye, kwa adabu aliyolelewa nayo, asingaliweza kuniambia kwamba havimtoshi.

Mzunguko wa nne alikuwa wa pili. Mzunguko wa tano nilimwona amekunja uso. Alimaliza wa sita, na waliochukuliwa kuendelea walikuwa watatu. Nilipomvua viatu, soksi zilikuwa zimegandamana na ngozi. Malengelenge yamepasuka visigino vyote viwili. Akaniambia, "Nisamehe, Mwalimu, nimekuangusha." Msomaji, mimi ndimi niliyestahili kuyasema maneno yale, na sikuyasema siku ile.

Baadaye nilisoma habari za Abebe Bikila wa Ethiopia. Mwaka 1960, mjini Roma, alishinda mbio za marathoni za Olimpiki kwa miguu mitupu, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Mwaka 1964, mjini Tokyo, alivaa viatu, akashinda tena kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11.2. Wako wanaoitumia habari ya Roma kudai kwamba kiatu hakina faida, na wako wanaoitumia ya Tokyo kudai kinyume chake. Mimi naona wote wawili wamemsahau mwenye miguu.

Tangu hapo nimejifunza kuuliza kwanza: mbio gani, na juu ya ardhi gani? Mbio ndefu za polepole barabarani zataka kiatu chenye soli ya kupokea kishindo, kipana mbele ili vidole visibanane. Njia za matope na mawe zataka soli yenye meno. Misumari ni ya uwanjani na nyikani: mifupi kwa tartani, mirefu kidogo kwa matope, barabarani haina kazi, kama nilivyokwisha kukiri. Viko pia viatu vya mashindano vya povu jepesi na bamba la kaboni ndani. Eliud Kipchoge alivaa vya namna hiyo mjini Vienna mwaka 2019, akakimbia masafa ya marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Na mwaka 2020 wakuu wa riadha duniani wakaweka sharti kwamba soli ya barabarani isizidi unene wa milimita 40. Ni viatu vya bei kubwa, navyo huchoka upesi. Mwanafunzi asivililie.

Ukienda kununua, nenda jioni, kwa maana mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Vaa soksi zako, simama wima, upime miguu yote miwili, kwani mara nyingi hailingani. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, kisigino kisiteleze. Ikiwa ni mtumba, kiweke mezani ukitazame kwa nyuma. Kilicholika upande mmoja kimekwisha kuzoea mwendo wa mwenyewe wa kwanza, nacho kitakuvuta huko. Kisha kikimbie mazoezini majuma kadhaa kabla ya kukipeleka mashindanoni.

Mwaka uliofuata nilikwenda sokoni pamoja na yule msichana, kwa ruhusa ya mama yake. Alirudisha jozi nne. Ya tano alikimbia nayo hadi kwa mwuza mahindi na kurudi, watu wakicheka. "Hivi, Mwalimu." Vilikuwa vya kijivu, vibaya wa sura, vimeshonwa ubavuni. Alifanyia mazoezi yote ya barabarani miezi miwili.

Siku ya mashindano, uwanja ulikuwa wa majani, umenyeshewa usiku. Aliukanyaga kidogo, akaniangalia, akaniuliza kama aweza kuvivua. Nikamwambia miguu ni yake. Nikasimama ukingoni, vile viatu vya kijivu mkononi mwangu, mpaka kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia.